Jipu la tezi shingoni, upande wa kushoto, linarudi kila baada ya mafua: kabla ya kukamua tena, ulizeni tundu

nesi_zamu_ya_usiku #1

Wakuu, salaam.

Nafanya kazi chumba cha upasuaji, upande wa masikio, pua na koo. Hospitali siitaji na wagonjwa siwataji. Naandika kuhusu ugonjwa ambao si wa kila siku, ila ukitufikia unakuwa umeshamzungusha mtoto na wazazi wake mpaka wamechoka, na shingo ina makovu ya kupasuliwa tena na tena.

Mambo huwa hivi. Mtoto anaugua mafua au koo. Siku chache baadaye shingo inavimba mbele, mara nyingi sana upande wa kushoto, usawa ule ule wanapovimba watu wenye goita. Uvimbe una moto, ukiugusa mtoto anaruka. Homa juu, kumeza shida, wengine hata mate wanayaacha yatiririke. Anapewa sindano za antibayotiki, jipu likiiva linapasuliwa, usaha unatoka, kidonda kinafunga, mama anasahau. Halafu mafua mengine yanakuja na jipu linaota palepale.

Awamu ya pili wanasema dawa ya kwanza haikuwa kali. Awamu ya tatu wanasema TB ya mitoki, na mtoto anaanzishiwa vidonge vya miezi sita huku usaha wenyewe haujapelekwa maabara. TB ya mitoki ipo kweli na ni nyingi kwetu, siwalaumu wanaoiwaza kwanza. Lakini TB ya mitoki kwa kawaida inavimba polepole, bila moto mkali. Hii ya kwetu inakuja kwa kishindo na kuondoka kwa kishindo.

Sasa swali ambalo lingefaa liulizwe mapema: usaha umefikaje ndani ya tezi ya thairoidi? Tezi hii ni mahali pagumu kwa bakteria. Ina damu nyingi, ina gamba lake, na imejaa madini joto, yaleyale yaliyomo kwenye ile dawa ya kahawia tunayopaka ngozi kabla ya kupasua. Mtoto mwenye usaha kwenye tezi, tena kushoto, tena kwa kurudia, kuna njia inayopeleka vijidudu huko.

Njia hiyo ni kijifereji alichozaliwa nacho. Mimba ikiwa changa kabisa, shingo ya mtoto inaumbwa kutokana na mikunjo na vifuko ambavyo baadaye hujifunga vyenyewe. Kifuko kimoja kisipojifunga, linabaki tundu ndani ya koo, kwenye kishimo kinachoitwa pirifomu, kando ya sanduku la sauti, pale chakula kinapopita kuelekea kwenye umio. Kutoka hapo kijifereji kinashuka mpaka kwenye tezi au ubavuni mwake. Mate, mabaki ya chakula na bakteria wa mdomoni wanapata barabara. Madaktari wa Japani waliieleza njia hii vizuri mwaka 1979, na mpaka leo bado inasahaulika.

Kwa hiyo kupasua jipu na kukamua kunamvusha mtoto siku hiyo tu. Tundu likibaki, jipu linarudi. Nitaendelea na habari ya upasuaji wenyewe, mwenye swali aweke.

MzeeWaMakorora #2

Naweka kambi hapa. Endelea nesi.

mama_wa_watatu #3

Dada nesi, umeandika kama uliyekuwa chumbani kwangu. Wangu wa kati ana miaka saba. Kila akipata kikohozi mimi namshika shingo kwanza kabla ya kumshika paji la uso. Mara ya mwisho tulifanyiwa altrasaundi, ripoti ikasema jipu kwenye upande wa kushoto wa tezi, basi. Vipimo vya homoni vilikuwa sawa, tukaambiwa tezi haina shida turudi nyumbani.

Maswali yangu: altrasaundi si ingeliona hilo tundu kama lipo? Na kama homoni ziko sawa, ugonjwa unakuwaje wa tezi?

nesi_zamu_ya_usiku #4

Pole sana mama, na asante kwa kuuliza vizuri.

Homoni kuwa sawa ndiyo kawaida ya ugonjwa huu. Usaha unakaa sehemu moja ya tezi, sehemu iliyobaki inaendelea na kazi yake. Kwa hiyo karatasi ya homoni nzuri haifungi mjadala.

Altrasaundi inaliona jipu, na mtaalamu makini akiona vipovu vya hewa ndani yake anapaswa kushtuka, maana hewa imetoka wapi kama si kooni? Ila kijifereji chenyewe ni chembamba na kimejificha nyuma. Kinatafutwa kwa njia tatu. Kuna kumeza bariamu, ule uji mweupe, huku unapigwa eksirei: ukiingia kwenye kijifereji unaonekana kama uzi unaoshuka. Kuna siti skani. Na kuna kumlaza mtoto usingizi, daktari anaingiza mrija wa kuangalizia kinywani na kulitazama tundu kwa macho yake. Hii ya tatu ndiyo inayomaliza ubishi.

Hapa kuna jambo linalowaponza wengi. Bariamu ikipigwa wakati shingo bado imevimba, uvimbe unakibana kijifereji, picha inatoka safi, na familia inaambiwa hakuna kitu. Subirini wiki sita hadi nane baada ya jipu kutulia ndipo mpige. Na hata ikitoka safi wakati huo, kama historia ni ya kushoto na ya kurudia, mwombeni daktari atazame kwa mrija. Kulia nako hutokea, ila mara chache sana.

MkomboziWaNdugu #5

Huyo ana kimeo. Mpelekeni kwa mzee anayekata vimeo, jioni hiyo hiyo anakula ugali. Hospitali mnapenda kutisha watu kwa majina marefu.

tabibu_wa_kanda #6

Mkuu wa #5, kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Kila mtu anacho. Kijifereji tunachozungumzia kiko chini zaidi, pembeni, hakigusani na kimeo kabisa. Mtoto mwenye usaha shingoni akikatwa kimeo kwa kisu kisichochemshwa, anaongezewa kutoka damu na pengine pepopunda, na jipu lake bado lipo. Naomba tusilete hilo kwenye uzi wa mtoto wa mtu.

Nichangie upande wa upasuaji, maana ndiyo kazi yangu.

Kwanza moto unazimwa. Antibayotiki za mishipa zinazofika kwa bakteria wa mdomoni, wakiwemo wale wasiopenda hewa, na usaha unanyonywa kwa sindano nene au unafunguliwa. Mkiweza, chagueni sindano. Kila kisu kinachopita shingoni kinaacha ugumu ndani, na ugumu huo ndio unaotusumbua siku ya upasuaji mkubwa. Usaha uende maabara kuoteshwa, na uende pia kwenye GeneXpert, mashine ya kupima TB, ili suala la TB liishe kwa ushahidi.

Baada ya wiki kadhaa za utulivu ndipo tundu linashughulikiwa, na hapa pana njia mbili.

Ya zamani ni ya kufungua shingo. Tunakata kwenye mkunjo wa ngozi, tunakifuata kijifereji kutoka kwenye tezi kwenda juu mpaka mdomo wake kooni, tunakifunga na kukikata. Mara nyingi kipande cha juu cha upande wa kushoto wa tezi kinaondoka nacho, maana kimeshaliwa na makovu. Ukikiondoa kipande cha tezi ukaacha mdomo wa kijifereji, umemwondolea mgonjwa tezi yake bure. Ugumu wa kazi hii ni mshipa wa fahamu unaoendesha sauti, unaopita nyuma ya tezi, mlemle kwenye kovu. Ukijeruhiwa, mtoto anabaki na sauti ya kukwaruza. Kwa watoto wadogo hatari hiyo inapanda.

Ya pili ni kuliziba tundu kutoka ndani. Mtoto analala usingizi, tunapita kinywani, tukiliona tundu tunalichoma kwa umeme, kwa leza au kwa asidi maalumu. Kuta zake zinavilia, zinashikana, mlango unajifunga. Shingo haiguswi. Kwa mtoto wa umri wa huyu wa dada #3, mimi ningeanza na hii pale ambapo vifaa vipo. Wengine wanahitaji kurudiwa, na ni haki mzazi aambiwe hivyo kabla ya kusaini fomu, ili asije akaona amedanganywa.

Kijana_wa_Lumumba #7

Swali la kizembe labda: kwa nini wasitoe tezi nzima biashara iishe?

tabibu_wa_kanda #8

Si la kizembe, wazazi wengi wanaliuliza. Kwa sababu ugonjwa hauko kwenye tezi, uko kwenye bomba linaloijaza uchafu. Ukitoa tezi yote, mtoto anakunywa homoni kila siku mpaka uzee, na mtoto anazihitaji kwa kurefuka na kwa akili. Isitoshe, nyuma ya thairoidi kuna vitezi vidogo, kwa kawaida vinne, vinavyotunza kalsiamu ya mwili. Ukitoa tezi nzima unavihatarisha vyote. Kwa nini umtie mtoto kwenye matatizo mawili ya kudumu ambayo hakuja nayo?

Mwl_wa_Kondoa #9

Shikamooni wakubwa. Naomba nichomekee, kama natoka nje ya mada mtanisamehe.

Dada yangu ni mtu mzima, amepita thelathini. Yeye tezi inauma, haina usaha. Ilianza baada ya homa ya mafua makali, maumivu yakapanda hadi kwenye taya na sikio, akatibiwa sikio, akang'olewa jino, hakupata nafuu. Baadaye maumivu yakahama kutoka kulia kwenda kushoto. Moyo unamwenda mbio, jasho, amekonda. Alipewa karbimazoli hakuona tofauti. Akapewa prednisoloni, ile dawa ya kutuliza uvimbe, siku ya pili akaamka mzima! Akiipunguza tu, shingo inaanza upya. Sasa kuna aliyemwambia suluhisho ni kutoa tezi. Tukubali?

tabibu_wa_kanda #10

Marahaba mwalimu. Hujatoka nje, ila huo ni ugonjwa mwingine kabisa, na kisu chake kina masharti mengine.

Unavyoeleza, maumivu yanayohama, taya na sikio, nafuu ya haraka kwa prednisoloni, unafanana na uvimbe wa tezi unaofuata virusi. Aliyeueleza mwanzoni mwa karne iliyopita, mwaka 1904, ni Fritz de Quervain wa Uswisi, ambaye mwenyewe alikuwa daktari wa upasuaji. Na bado ni ugonjwa ambao kwa kawaida hatuupasui, maana wengi wanapona ndani ya miezi michache.

Moyo kwenda mbio ni kwa sababu tezi iliyojeruhiwa inavuja homoni iliyokuwa imehifadhi. Karbimazoli inazuia tezi kutengeneza homoni mpya, haizibi uvujaji, ndiyo maana hakuona tofauti. Kwa mapigo ya moyo dawa yake ni propranololi, kama hana pumu. Akishamaliza kuvuja anaweza kupita kipindi cha homoni kuwa chini, achoke, aone baridi, kisha wengi wanarudi sawa. Wachache wanabaki na upungufu wa kudumu.

Kurudi kwa maumivu wakati wa kupunguza prednisoloni kunafahamika, na mara nyingi kosa ni mwendo: imeshushwa haraka mno, au mgonjwa ameiacha mwenyewe alipojisikia vizuri. Anarudishwa kwenye dozi iliyomtuliza, kisha anashushwa taratibu kwa wiki nyingi huku ESR, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini, inapimwa. Muulize dada yako aliishusha vipi, na kwa maelekezo ya nani. Prednisoloni yetu inauzwa dukani kama peremende, watu wanajishushia wenyewe.

Kabla ya kisu ningetaka haya yawe yamefanyika: altrasaundi, kipimo cha kingamwili za tezi, na sampuli kwa sindano nyembamba ili tujue hatuachi saratani au TB imejificha. Baada ya hapo, kama ni miezi mingi, dozi haishuki, sukari na presha zimeanza kupanda kwa sababu ya dawa, na maisha yamesimama, basi upasuaji unakuwa na hoja. Kuna watu wachache waliofikishwa hapo na maumivu yakaisha. Lakini ni mlango wa mwisho.

Mwl_wa_Kondoa #11

Aliacha mwenyewe dokta. Nimempigia sasa hivi amekiri. Kila mara alikuwa anaacha akijisikia nafuu.

tabibu_wa_kanda #12

Basi hajafika kwenye kisu. Arudi kliniki, aanze upya kwa ratiba iliyoandikwa.

BintiWaKisauni #13

Assalaam aleikum. Niko Mombasa. Mimi ndiye niliyefika huo mlango wa mwisho, kwa hivyo niseme kidogo.

Yangu ilikuwa Hashimoto, ugonjwa wa kingamwili za mwili kuishambulia tezi yake wenyewe, ila ile adimu inayouma. Wengi wenye Hashimoto hawasikii maumivu, tezi yafa kimyakimya tu. Mimi ilikuwa yawaka, natulia kwa prednisoloni, yarudi, nanenepa uso, sukari yapanda. Kingamwili zilikuwa juu mno. Mwishowe nikatolewa tezi yote. Maumivu yaliisha, alhamdulillahi, hayajarudi tena.

Lakini wasikudanganyeni kuwa ni kama kung'oa jino. Usiku wa baada ya upasuaji midomo ilianza kufa ganzi, vidole vikawa vyajikunja vyenyewe. Ilikuwa kalsiamu imeshuka, nikapewa ya mshipani. Nimekunywa vidonge vya kalsiamu na vitamini D kwa muda, kisha vitezi vikaamka. Sauti ilikuwa nzito ikarudi, ingawa qasida za juu sizifikii kama zamani.

Na levothairoksini, kidonge cha homoni ya tezi, ni ya kila siku, maisha yote. Yataka tumbo tupu, na chai na maziwa visubiri. Kalsiamu usiimeze pamoja nayo, ziachanishe masaa kama manne. Ramadhani daktari alinipangia niinywe usiku kabla ya kulala, masaa kadhaa baada ya kula, na swaumu yangu yaenda vizuri.

tabibu_wa_kanda #14

Ahsante sana dada, hayo ya kalsiamu kila anayesaini fomu anapaswa kuyasikia.

Niongeze kitu kwa wanaopenda kusoma. Hakaru Hashimoto aliuelezea ugonjwa huo mwaka 1912 kwa wanawake wanne, na yeye pia alikuwa upande wa upasuaji. Kwa karne nzima msimamo umekuwa kwamba Hashimoto inatibiwa kwa kidonge, na kisu ni kwa goita linalobana au saratani inayoshukiwa. Mwaka 2019 watafiti wa Norway walichapisha jaribio la watu 150 waliokuwa na kingamwili zaidi ya 1000 na uchovu usioisha ingawa homoni zao zilikuwa sawa kwa vidonge. Nusu wakatolewa tezi. Baada ya mwaka mmoja na nusu waliopasuliwa walikuwa na nafuu kubwa ya uchovu kuliko wenzao. Upande wa pili wa shilingi: takriban asilimia 14 ya waliopasuliwa walipata madhara, yakiwemo ya mshipa wa sauti na kalsiamu. Na hiyo ni kwa mikono iliyozoea. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mgonjwa huwa ni nani atakayepasua, na anapasua tezi mara ngapi kwa mwaka.

MzeeWaMakorora #15

Hapo kwenye "nani atakayepasua" ndipo sisi wa mikoani tunapokwama. Unapewa kitanda, unapewa tarehe, jina la daktari unalijua siku ya kufunguliwa nyuzi.

nesi_zamu_ya_usiku #16

Mzee, kuuliza ni haki yako, na daktari mzuri hakasiriki. Hospitali za rufaa za kanda na ile ya taifa ndiko kwenye wataalamu wa koo waliozoea shingo. Ombeni rufaa ya kwenda idara ya masikio, pua na koo. Jipu la shingo likienda kwenye foleni ya majipu mengine litapasuliwa kama jipu.

Mama wa watatu, kwako naongeza. Jipu likiwa limevimba mpige mtoto picha ya shingo kwa simu, ubavu na mbele, tarehe ionekane. Ukifika kliniki wakati shingo imenywea, daktari hana cha kuona. Beba kila karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodini, hata iliyochanika, maana historia ndiyo itakayomshawishi. Kwenye barua ya rufaa yaandikwe mambo mawili: upande wa kushoto, na linarudi.

Akianza kuvuta pumzi kwa mlio, au akikaa ameinama mbele hawezi kumeza mate, usisubiri tarehe ya kliniki. Hiyo ni dharura ya usiku huohuo.

mama_wa_watatu #17

Nimeshika yote dada. La mwisho: tukipata hiyo ya kuchoma kutoka ndani, atakula vipi? Huyu bila chapati hakulali nyumba nzima.

nesi_zamu_ya_usiku #18

Inategemea daktari na ukubwa wa tundu. Wengine wanaruhusiwa maziwa na uji mwepesi mapema, wengine wanalishwa kwa mpira wa puani siku chache ili kidonda kisiguswe na chakula. Chapati baadaye, na aanze na iliyolowekwa kwenye mchuzi. Baada ya miezi kadhaa wanamlaza tena usingizi mfupi kuangalia kama limeziba, likiwa bado lina upenyo wanachoma mara nyingine hapohapo. Mafua yatakayofuata ndiyo mtihani wenu, hivyo yakija mwangalie shingo kila asubuhi na uniandikie hapa.